Tezi ya Nélida

Daktari Graciela Bustos alikuwa amekwisha kufungua vifua mia nne vya wagonjwa wa moyo katika mji wa Rosario, na karibu katika kila kifua aliikata tezi ya thaimasi iliyolala juu ya moyo, akaitupa. Ndivyo alivyofundishwa. Tezi hiyo, aliambiwa, huwafunza askari wa mwili kupigana na maradhi utotoni, kisha husinyaa. Kwa mtu mzima ni mafuta tu yanayomzibia daktari njia ya kuufikia moyo. Walimu wake nao waliambiwa hivyo, na hakuna aliyeuliza. Mazoea yana taabu.

Mwaka huo ukatoka utafiti: watu wazima waliokatwa tezi hiyo walikufa na kuugua saratani zaidi ya wenzao waliobaki nayo. Graciela aliusoma mara tatu, akakosa raha.

Asubuhi moja akaingia wodini kwa Evaristo Quiroga, muuza nyama, aliyekuwa apasuliwe moyo kesho yake. Akamweleza utafiti ule, na kwamba siku hizi tezi ile haikati, anaizunguka. Mzee akacheka. Tezi hizohizo, za ndama, ndizo watu wanazogombania buchani kwake kila Jumapili, wakazichome. Ya ng'ombe mzee, wauza nyama wenzake humtupia mbwa, lakini yeye huyapasua yale mafuta, wala hakosi kipande cha nyama ndani.

"Nyie madaktari mngepita buchani kwangu mapema," akamtania.

Mara kicheko kikamkauka. Miaka sita nyuma mkewe, Nélida, alipasuliwa moyo na daktari huyuhuyu, akapona. Miaka mitatu baadaye saratani ya damu ikamchukua.

"Ya Nélida uliikata?"

Graciela angeweza kusema hakumbuki. Kwa vifua mia nne, nani angembishia? Uongo ulimfika mdomoni, akauonea haya.

"Niliikata, Don Evaristo. Kama ndiyo iliyomuua, sijui, na hakuna atakayejua. Ila niliikata."

Mzee aliitazama fomu ya idhini iliyokuwa kitandani. Graciela aliogopa, kwani bila upasuaji moyo ule usingemaliza mwaka. Hakuthubutu kumsihi.

Hatimaye Evaristo akaomba kalamu, akatia sahihi.

"Nasaini kwa sababu hukunidanganya," akasema. "Nélida aliniambia siku ya kupasuliwa ulimshika mkono mpaka dawa ya usingizi ikamlaza. Mimi kesho usinishike."