Kiwiko cha Mwalimu

Kundi lao la simu lilikuwa na wazee kumi na mmoja na sheria mbili, na zote mbili alizitunga Mwalimu.

Sheria ya kwanza ilisema kwamba kila mmoja, kabla ya saa mbili asubuhi, atume dondoo moja ya kuwafaa wenzake nyumbani. Si salamu, si picha ya ua lenye maneno ya baraka, si video ya paka. Dondoo. Namna ya kutoa doa la wino kwenye shati jeupe, namna ya kuweka mchele usiingie wadudu, namna ya kuinuka kitini bila goti kulalamika. Aliyefikisha saa mbili hajatuma alipigiwa simu, na asipopokea alifuatwa mlangoni. Mwalimu alikuwa na hoja yake. Mtu akiandika "sijambo" huenda anadanganya, maana hata anayechungulia kaburi husema hajambo. Lakini mtu aliyekumbuka namna ya kutoa doa la wino, huyo yu hai na akili zake ziko kichwani.

Sheria ya pili ilikuwa fupi: dondoo hairudiwi. Atakayerudia atasimama nje ya darasa, yaani atatolewa kundini wiki nzima, akapate adabu.

Mpaka hapo aliyekuwa amesimama nje ni mmoja tu, naye ni Bi Sindano. Huyu alikuwa mshonaji, ameshona miaka arobaini dirishani pale pale, jicho moja kwenye kitambaa na la pili kwenye mambo ya watu, na dondoo zake zilihitaji kupimwa kabla ya kumezwa. Aliwahi kuwaandikia kwamba mgeni asiyejua kuondoka apewe kiti chenye mguu mfupi. Aliwahi kuandika kwamba dawa ya kupoteza miwani ni kuwa na mume wa kumsingizia. Siku alipoishiwa akairudia ile ya kusugua mshumaa kwenye zipu iliyogoma, na Mwalimu akaamuru atolewe bila hata kupepesa jicho. Wiki ile Bi Sindano alimpigia simu kila mwanakundi kila asubuhi, akamsomea dondoo yake kwa mdomo, tena kwa urefu, mpaka wote wakaomba arudishwe ili wapumzike.

Kwa hiyo Alhamisi ile alipoiona dondoo ya Mwalimu, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa furaha.

Mwalimu alikuwa ameandika: "Kufuli likigoma, usilipige wala usilimwagie mafuta ya kupikia. Sugua penseli kwenye meno ya ufunguo, kisha fungua taratibu." Dondoo nzuri. Ila Jumatatu ya wiki ile ile alikuwa ameituma hiyo hiyo, neno kwa neno, mpaka nukta.

Bi Sindano aliweka mkasi chini. Alitabasamu, akaanza kupanga maneno ya kumfanyia karamu ya kejeli. Halafu tabasamu likakaa usoni peke yake, likaona haya, likaondoka. Mwalimu hakuwa mtu wa kurudia. Huyu alisomesha miaka thelathini na minane, akajua majina ya watoto na ya wazazi wao na ya mbwa wao. Na tangu mkewe afariki, miaka miwili nyuma, nyumba yake haikuwa na sauti nyingine asubuhi isipokuwa ya simu ile. Mkewe na Bi Sindano walikuwa wakiitana dada, chanda na pete, ndiyo maana mpaka leo yeye na Mwalimu huitana shemeji. Wiki moja nje ya kundi kwa Bi Sindano ilikuwa mchezo. Kwa Mwalimu ingekuwa wiki moja bila mtu wa kujua kama ameamka, na juu yake aibu ya kuhukumiwa kwa sheria aliyoitunga kwa mkono wake mwenyewe.

Akatazama saa. Imebaki robo kufika saa mbili. Saa mbili kamili Faili angefungua daftari.

Faili alikuwa karani wa masjala kabla ya kustaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumwingia. Ndiye aliyeshika usimamizi wa kundi. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu ambamo kila dondoo iliandikwa kwa namba, tarehe na jina la mtumaji, na kila asubuhi baada ya chai alilinganisha. Hakuwahi kukosea, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake.

Bi Sindano akampigia. Faili akapokea akiwa ameshaona. Alisema namba mia nne na kumi na mbili na namba mia nne na arobaini na tano ni kitu kimoja, na kwamba ingawa inamuuma, sheria ni sheria, msumeno hukata mbele na nyuma. Bi Sindano alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole ambao ungemtisha yeyote anayemjua.

"Kaka Faili," akasema, "ile suruali ya kijivu bado unayo?"

Faili akakohoa. Siku ya kuagwa kwake kazini, Faili aliinama kupokea zawadi na suruali ikapasuka kuanzia mshipi mpaka kusikotajika. Bi Sindano, aliyealikwa kwa sababu ndiye aliyeshona mapazia ya ofisi, alimshonea stoo, Faili amesimama uso kauelekeza ukutani, huku wakubwa wakimsubiri kwa hotuba. Miaka kumi na mitano imepita na siri ile haijatoka kinywani mwa Bi Sindano, jambo ambalo kwa hali yake lilikuwa muujiza.

"Wewe mwanamke si mtu mzuri," akasema Faili.

"Sijawahi kudai."

Basi Faili akakubali, kwa shingo upande, kuiandika dondoo ile kwa penseli badala ya kalamu, isubiri. Hakuwa mtu mgumu. Kabla ya kukata simu aliuliza kwa sauti ndogo kama Mwalimu anaumwa, na Bi Sindano akajibu kwamba hajui.

Ijumaa Mwalimu alituma dondoo mpya, kuhusu magazeti ya zamani na vioo vya dirisha, na Bi Sindano akashusha pumzi. Jumamosi likarudi kufuli.

Sasa haikuwa tena siri ya watu wawili. Mkunga, ambaye amezalisha nusu ya mtaa na huwaita wanaume wazima kwa majina ya utotoni, alimpigia Bi Sindano kabla ya saa mbili. Hakuzunguka. Alisema mtu mzima akirudia mara tatu, hiyo inatakiwa iangaliwe na daktari; huenda ni kitu kidogo, dawa ya presha iliyoongezwa kipimo, au usingizi mbovu, au maji tu hanywi; huenda pia si kidogo. Lakini aambiwe. Mficha uchi hazai.

Bi Sindano akakubali kwamba aambiwe, ila si leo, na si mbele ya watu. Leo asiaibike. Na hapo akapata wazo ambalo yeye aliliona la busara kupita yote aliyowahi kupata, na aliyapata mengi, na mengi yalimponza. Kama mtu mmoja mwenye kiraka anaonekana, dawa si kukibandua kiraka. Wote wavae viraka.

Alipiga simu tisa mchana ule. Wengine walibisha. Mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kurudia dondoo ya mtu mwingine kwa kuwa zake ni mbaya. Kufika jioni walikuwa wameshaafikiana, na Faili, mlinzi wa sheria, alikuwa ameapa kushiriki kwa sharti kwamba jambo hilo lisiandikwe popote.

Jumapili asubuhi kundi lilifurika vitu vya zamani. Wino na shati jeupe. Mchele na wadudu. Mkunga akarudia ya kukanda miguu kwa maji ya chumvi. Faili akarudia ya kupanga stakabadhi, namba thelathini na moja, na Bi Sindano angeweza kuapa kwamba aliituma amefumba macho. Yeye mwenyewe akarusha zipu na mshumaa. Kumi kati ya kumi na mmoja, wote wakosaji, wote kabla ya saa mbili.

Mwalimu hakutuma kitu.

Saa mbili ikapita. Bi Sindano akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Alitoka na kanga ya nyumbani na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akapita mitaa miwili kwa mwendo ambao goti lake lingeudai kesho yake. Njiani alijilaani kwa kila hatua. Amemfanyia mtu mzima mchezo wa kitoto.

Alipogonga, ufunguo ulizunguka ndani bila sauti, laini kama siagi, na Mwalimu akafungua. Amenyoa, amevaa shati la kola. Nyuma yake, mezani, simu ililala kando ya karatasi na kalamu nyekundu.

"Ingia, shemeji," akasema. "Nilijua atakuja kiranja."

Bi Sindano akakaa. Aliutazama ufunguo mlangoni: ulikuwa mweusi tii, umesuguliwa penseli juu ya penseli juu ya penseli. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vya kijivu nchani. Wala hakuwa anaandika tu. Kila mara aliamka akiona kufuli la mlango limegoma, akalitibu, akafurahi, akawaletea wenzake habari njema.

Mwalimu alisema amesahihisha madaftari miaka thelathini na minane. Mtoto mmoja akikosea, ni bahati mbaya. Wawili, wameketi karibu. Lakini darasa zima likikosea asubuhi moja, hapo kuna mtu amepita na majibu, na kazi ya mwalimu ni kujiuliza wanamficha nani. Ndipo akapandisha juu ujumbe wa wiki nzima, akausoma, akaukuta ufunguo mara tatu. Akasema hakumbuki kuandika hata ule wa pili. Alilisema hilo huku akiipanga kalamu iwe sambamba na ukingo wa karatasi.

Bi Sindano alikuwa na utani kumi wa kujibu kila jambo duniani. Hakuutoa hata mmoja.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nilitaka usisimame nje."

"Najua. Ndiyo maana sikupokea simu. Ningelia, na mwalimu halii mbele ya darasa." Akaketi mkabala naye. "Unakumbuka dada yako alivyokuwa akinifanya tukiwa na wageni? Nikianza hadithi ambayo nimeshaisimulia, ananipiga kiwiko. Hapa, ubavuni. Hakuna anayeona. Miaka yote ile nilidhani nina kumbukumbu nzuri, kumbe nilikuwa na mke. Sasa sitaki kufichwa, wala sitaki kutangazwa. Nataka kiwiko."

Bi Sindano akafikiri. Kutoka mitaa miwili, kiwiko chake kisingefika.

"Nitakubipu," akasema. "Mara moja, nakata. Ukisikia imelia mara moja ikanyamaza, ujue hicho ni kiwiko. Unafuta, unaandika kingine, hakuna aliyeona."

Mwalimu alicheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akauliza kama kiwiko hicho kitapatikana pia kwa kusahau dawa. Bi Sindano akasema hicho ni cha Mkunga, na cha Mkunga kinaacha alama, tena Jumanne anampeleka kwa daktari, amependa asipende. Mwalimu akasema kumbe mambo yameshapangwa. Akaambiwa ndiyo, tangu jana.

Jumanne akapelekwa. Daktari alibadilisha dawa moja, akaagiza vipimo vingine, akasema warudi baada ya mwezi, na wasitarajie miujiza. Mkunga alirudi akiwa hajaridhika na namna daktari alivyoshika mkono wa mgonjwa, lakini kwa mengine alimsamehe.

Jumatano, saa moja na nusu, kufuli likatokea kundini. Bi Sindano alibipu mara moja, akakata. Ujumbe ukafutika. Wazee tisa waliona umefutika na wote tisa wakakuta wana shughuli nyingine. Baada ya dakika tano Mwalimu akaandika: "Mzee anayesahau atafute mshonaji mkorofi, amweke mitaa miwili kutoka kwake. Asimweke karibu zaidi ya hapo."

Faili akauliza kama hiyo ni dondoo au ni matusi, maana anahitaji kujua ukurasa. Kisha akaiandika, kwa kalamu.

Wiki iliyofuata Bi Sindano alikuwa na gauni la harusi mezani na pini sita mdomoni. Alituma dondoo yake upesi upesi, akarudi kwenye pindo. Simu ikalia mara moja, ikanyamaza.

Akatazama jina. Mwalimu. Akavaa miwani, akasoma alichotuma: zipu na mshumaa.

Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake. Akajishika ubavu, pale pale ambapo kiwiko kingeingia. Halafu akaifuta.