Tarehe ya Kufa kwa Elkana

Mimi mdomo wangu hauna breki, na Yiftah nilikuwa nimemwekea maneno miaka kumi na moja. Yeye ndiye aliyekuwa rubani. Kaka yangu Elkana alikaa nyuma yake, akisoma rada na kumwonyesha njia, kofia yake ndogo ya sala ikiwa chini ya helmeti. Ndege ikatunguliwa vitani. Rubani akarudi mzima, Elkana tukaletewa ndani ya sanduku. Jeshi likatuambia alikufa papo hapo, saa tisa alasiri, tarehe kumi na nane ya mwezi wa Tishri, kwa kalenda yetu ya Kiyahudi. Mama alilishikilia hilo "papo hapo" kwa mikono miwili. Ndilo lililomwezesha kula na kulala.

Mwaka huu, katika Sikukuu ya Vibanda, tulikuwa tumeketi kibandani uani. Jua lilikuwa limeshazama, mshumaa wa kumbukumbu ya Elkana umeshazimika. Yiftah akaingia, kichwa kizima mvi, mshumaa mkononi.

"Ohoo! Leo kumekucha!" nikamwambia. "Miaka yote hata salamu, halafu unakuja siku imeshapita? Ninyi msiosali hata kalenda hamjui?"

"Tirtza, mpe mgeni keki," Mama akaniambia huku akikata kipande.

Keki hakuigusa. "Sijachelewa, mama. Siku yake inaanza sasa."

Nikacheka kwa hasira. Mtu asiyejua hata mlango wa sinagogi aje kutufundisha tarehe! "Kwetu siku inaanza jua likizama, bwana wee. Yeye alikufa alasiri."

"Najua siku inaanza lini. Elkana alinifundisha." Akauweka mshumaa mezani. "Nyota zilikuwa zimeshatoka."

Mimi sikuelewa. Mama alielewa, maana aliweka kisu chini.

"Alikuwa hai," akasema.

"Tuliruka na miamvuli wote wawili, mama. Alivunjika nyonga. Nilikaa naye mpaka giza likaingia, akasali sala ya jioni amelala chali. Helikopta ikatua upande wa pili wa kilima, risasi zinamiminika. Akaniambia, nenda kawalete. Nikaenda. Wakaniuliza, mwenzako yuko wapi? Nikasema alikufa papo hapo, ndege ilipopigwa."

"Kwa nini?" Sauti ilikuwa yangu, lakini sikuijua.

"Niliogopa kurudi kule. Alipatikana keshoye, damu imemwishia."

Mungu wangu! Kila mwaka alasiri ile tulisimama tukimwombea marehemu, kumbe saa ile alikuwa na kiu, anapumua, anazungumza. Nilitaka kumkaba koo yule mtu.

Mama hakulia. "Alijua kwamba hamrudi?"

Yiftah akafunika uso kwa viganja. Jirani alikuwa akiimba nyimbo za sikukuu na watoto wake, nikatamani mtu awanyamazishe.

"Tulipopaa tulipita juu yake," akasema hatimaye. "Alikuwa anatuwashia tochi. Wale wa helikopta hawakuiona. Mimi niliiona."

Mama akauliza, taratibu kabisa, "Iliwaka kwa muda gani?"

"Sijui, mama. Niligeuza uso."