Mlinzi Aliyejeruhiwa

Mchana ule nilijilaza chumbani nikiwa na homa, kichwa kikinigonga, na hofu imenibana kuliko kikohozi. Asubuhi, kwenye zahanati, walikuwa wameniambia nina korona. Mimi niliyekamilisha chanjo, mimi niliyesimama kanisani pale Same nikiwahimiza wenzangu wakachanjwe. Mama mkwe wangu, Bi Nakunda, ambaye ana pumu, alikuwa amekataa katakata kuchanjwa, na siku hiyohiyo tulimtarajia nyumbani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu, Mbazi. Nikiwa nawaza jinsi watu watakavyonicheka, usingizi ukanichukua.

Nikajiona nimesimama katika nchi isiyo na kivuli, ardhi yake nyeupe kama chokaa, na upepo wake wa moto ukinikaba pumzi. Mbele yangu palikuwa na nyumba yangu mwenyewe, mlango umevunjwa. Ndani, mtu mwenye mabega mapana alikuwa amelikaba jitu lisilo na uso, damu ikimtiririka mkononi. Nikamtambua: alikuwa Kinga. Nikamfokea, "Nilikutegemea! Mbona limeingia?" Akajibu bila kugeuka, maana hakuthubutu kulegeza mikono: "Sikukuahidi kwamba halitaingia. Nilikuja ili lisikumalize, na bado nimelishika."

Kabla sijamjibu, mwanamke aliyejitanda shuka jeusi hadi machoni akanishika mkono. Jina lake Aibu, na sauti yake ilikuwa tamu. "Njoo tuufunike mlango huu kwa pazia, wapitao wasione. Wakijua, watasema uliwadanganya, na hakuna atakayekusikiliza tena." Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukalitundika, nyumba ikaonekana nzima, ikapendeza. Ndipo nikamwona Bi Nakunda akija njiani, anatweta, akitabasamu kwa uzuri wa lile pazia. Jitu nalo likaisikia pumzi yake. Likauchomoa mkono mmoja kutoka kwa Kinga, likaunyoosha taratibu kuelekea mlangoni.

Nikataka kupiga kelele, Aibu akaniziba mdomo. Kando ya njia alisimama Kweli, mwembamba, miguu peku, macho yake makavu. "Mzuie!" nikamsihi kwa macho. "Siwezi," akasema. "Hanisikii mimi, anasikia sauti yako tu. Chagua kitakachobaki kizima: jina lako, au kifua chake." Bi Nakunda akaligusa pazia. Nikaung'ata mkono wa Aibu kwa nguvu zangu zote, nikaamka nimeng'ata shuka.

Kitasa cha mlango kilikuwa kinazunguka.

"Mama Elineema," ilikuwa sauti ya mama mkwe, "Mbazi ananiambia unaumwa. Nimekuletea uji, mwanangu."

"Mama, usiingie! Nina korona!"

Kitasa kikatulia. "Hata na chanjo yako?"

"Hata na chanjo, Mama. Bila hiyo sijui ningekuwa wapi saa hizi. Rudi uani, nakuomba. Na Mbazi asisogee huku."

Nilisikia pumzi yake ikikwaruza upande wa pili wa mlango, karibu mno, nikaelewa kwamba tangu asubuhi nilikuwa nikililinda jina langu, na yeye nimemwacha bila mlinzi. Kisha bakuli likawekwa sakafuni, nyayo zikarudi nyuma polepole.

"Unywe ungali moto," akaita kutoka uani. "Na asante kwa kunipigia kelele."