Hatua Kumi na Saba za Kidole Gumba

Vumbi la Kamina halibishi hodi. Kiangazi kikishika, linainuka kwenye barabara ya stesheni, jekundu, jepesi, linapita chini ya mlango, linapita kwenye sahani, linalala katika mikunjo ya vitenge. Mwanga wa asubuhi ukilipitia, unafanana na moshi wa jiko lisilo na moto. Ndaya alilijua vumbi hilo. Ndiyo maana alitundika kitambaa chenye maji mlangoni pa kibanda chake cha kutengeneza simu, na juu ya meza akafunika kwa bakuli la kioo, kama kifaranga chini ya tenga, mashine ya Papa Gaston iliyo wazi tumbo.

Ilikuwa mashine ndogo ya kusikilizia muziki, ya zamani, mgongo wa chuma, na mbele gurudumu jeupe, laini, la kuzungushwa kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na nyimbo za kwaya ya parokia, na rumba, na katikati yake, ya kumi na saba, sauti ya Mama Marie-Thérèse, mke wa Papa Gaston, aliyefariki miaka minne nyuma. Siku sauti hiyo iliponaswa alikuwa anaijaribu mashine tu: anamgombeza mumewe kwamba maji ya kuoga yanapoa, anauliza kama kitu hiki kinashika sauti kweli. Dakika mbili na sekunde kumi na nne. Mahali pengine popote sauti hiyo haikuwepo.

Macho ya Papa Gaston yalikuwa yameingia ukungu, ule ukungu usioondoka jua likipanda. Kioo cha mashine hakukiona tena. Kidole kiliteleza juu ya gurudumu, kikapita, kikapotea, na mzee akajikuta ndani ya rumba wakati alikuwa akimtafuta mkewe. Kwa hiyo alimwomba Ndaya jambo moja: kila hatua ya gurudumu igonge kidole. Igonge kidogo tu, kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Yeye atahesabu.

Na Ndaya, aliyeacha shule darasa la nne, ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja hutazama miguu yake, alisema ndiyo.

Alikuwa na mota ya mtetemo, ameitoa katika simu iliyokufa, ndogo, bapa, kama ukucha. Nyaya mbili za kuiunganisha alizijua. Lakini tumbo la mashine halikuwa na nafasi. Diski ya zamani, ile inayozunguka na kubeba sauti zote, ililijaza lote. Ilibidi diski itoke, kadi nyembamba ikae mahali pake, mota ilale pembeni ya kadi. Na kabla diski haijatoka, sauti zihame.

Guylain, jirani wa nusu ya pili ya kibanda hicho, mwenye kompyuta na mashine ya fotokopi, alimpa kona ya meza yake. Akamcheka pia. "Weye unaogopa kusalimia bantu," alisema, "lakini tumbo ya mashini unapasua bila kuomba ruhusa."

Ndaya aliisogezea mashine sikio. Alikuwa anasikiliza. Diski ilizunguka, ikakwaruza, ikanyamaza. Ikazunguka, ikakwaruza, ikanyamaza, kama mgeni mwenye kikohozi asiyetaka wenyeji wamsikie. Alichomoa waya. Akairudisha mashine chini ya bakuli.

Alasiri Papa Gaston akaja na fimbo yake. Ndaya akasema kesho.

Siku ya pili mzee akaja, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mama yake, mwisho akauliza habari za mashine. Ndaya akasema kesho.

Siku ya tatu alisema kesho kabla mzee hajauliza.

Ee neno jepesi, neno lisilo na mgongo! Kila alipolitamka lilimrudia usiku likiwa zito. Akiigusa diski, inaweza kufia mikononi mwake. Asipoigusa, itakufa peke yake. Na ikifa, atakuwa amemzika Mama Marie-Thérèse mara ya pili, bila misa, bila jeneza, bila hata kumwarifu mwenye msiba.

Siku ya nne Papa Gaston aliomba kuishika. Ndaya akaifunga, akaiwasha, akampa.

Miaka thelathini mzee huyu alikuwa mpiga nyundo wa reli. Treni ikisimama, alipita ubavuni mwake akigonga kila gurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu. Gurudumu zima huimba. Lililopasuka hujibu kama chungu. Lakini mpini, alizoea kusema, huuambia mkono kabla sikio halijapata habari. Sasa aliilaza mashine kiganjani, akaigonga mgongoni kwa ukucha. Mara moja. Mara mbili. Akangoja. Ndani, diski ikakohoa.

Hakumlaumu. Alitoa mfukoni kipande cha chaki, akapapasa mgongo wa chuma, akachora msalaba. Ndaya aliijua alama ile, kama mtoto yeyote wa kambi ya reli. Behewa lenye msalaba haliendi mbele. Na chaki peke yake haitoshi: aliyeusikia ufa lazima aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, hata treni ichelewe, hata wakubwa wakasirike.

"Minyi nimesikia leo," alisema Papa Gaston. "Weye njo ulisikia wa kwanza. Sema."

Ndaya alitazama miguu yake. Miguu haikumsaidia. Basi akasema, kwa sauti ndogo, lakini akasema yote: kwamba diski inakufa, kwamba alijua tangu siku ya kwanza, kwamba aliogopa, kwamba kuihamisha sauti kunaweza kuikata.

"Na tukingoja?"

"Itakatika tu, Papa."

"Basi ihame leo, minyi niko hapa. Mugonjwa habebwi bila ndugu."

Ndaya akachomeka waya, akaichagua ya kumi na saba, kabla ya kwaya, kabla ya rumba. Mstari wa kijani, wa kuonyesha kilichokwisha kuhama, ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Papa Gaston alilaza kiganja juu ya mashine kama juu ya paji la mtoto mwenye homa. Guylain, bila kuombwa, alizima fotokopi ili umeme usiyumbe, akawaambia wateja wakae nje.

Zunguka, diski. Zunguka mara moja tena. Mstari ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Ulikaribia mwisho, ukasimama. Diski ikanyamaza chini ya kiganja cha mzee, kiganja kikainuka.

"Imekwisha," alisema, kabla kompyuta haijasema.

Ndaya alitazama namba, kwa maana namba alizisoma vizuri kuliko herufi. Dakika mbili na sekunde tatu. Hakusema kesho.

"Papa, mwisho haukupita. Sekunde kumi na moja."

Mzee akafikiri.

"Pale alikuwa anacheka tu," akasema.

Lile "tu" lilimchoma Ndaya kuliko pasi ya kulehemu. Aliinama, akafanya kazi. Diski ikatoka, kadi ikaingia, mota ikalala pembeni yake. Kwaya na rumba Guylain alikuwa nazo tele, akazimwaga humo. Ndaya aliuliza kama aiweke sauti ya Mama Marie-Thérèse iwe ya kwanza, mzee asihangaike kuhesabu. Papa Gaston alikataa. Ikae kumi na saba, alisema; muntu anatembea kwenda kwake.

Mara ya kwanza mzee aliijaribu, akamrudishia Ndaya: mota imelegea, mkono umemwambia. Ndaya akafungua tena, akaikandamiza kwenye chuma mpaka ikashika, akafunga.

Kisha kidole gumba kikaenda. Ndaya hakuhisi kitu, lakini aliona midomo ya mzee ikihesabu, na kila hesabu kidole kikistuka kidogo, kama kilichoitwa jina. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Kikasimama.

Dakika mbili na sekunde tatu Papa Gaston alisikiliza, na Ndaya alitazama saa ya kompyuta bila kupepesa. Sauti ikafika mahali ilipokatika. Mzee hakuvua waya masikioni. Alibaki ameinamisha kichwa, midomo imefunguka, kama mtu ambaye mwenzake bado hajamaliza. Ndaya alihesabu. Saa ilipofika dakika mbili na sekunde kumi na nne, mahali kicheko kilipokuwa kikiishia, mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akavua.

Kitambaa mlangoni kilikuwa kimekauka. Vumbi likaingia pamoja na mwanga, jekundu, bila haraka, likatua juu ya meza, juu ya gurudumu jeupe, juu ya kidole gumba kilichotulia. Ndaya aliliacha litue.