Upepo Mgongoni mwa Sutarmi

...na usipotoka wekundu je, Sutarmi aliwaza, amelala kifudifudi juu ya mkeka, sarafu ya mama mkwe ikimkwaruza kumtoa upepo, kutoka uti wa mgongo hadi ubavuni, mafuta ya karafuu yakimwasha, ee Mola utoke, mgongo uwe mwekundu kama pilipili, ili iwe ni upepo tu umemwingia mwilini, upepo humwingia kila mtu, hakuna anayefungwa kwa sababu ya upepo... "Tulia, mwanangu, unatetemeka kama mbuzi wa Idi," Mama Tukinah alisema, naye akatulia, ila moyo ulikuwa ukikimbia tangu alfajiri bila kufukuzwa na mtu, kama jana, kama siku zote tangu ajifungue, mtoto akilia yeye usingizi umemlemea, akiamka hula wali kwa mkono amesimama kando ya sufuria, bila njaa, na yule daktari binti wa zahanati alimsikiliza hadi mwisho akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akampa vidonge, sonona, neno lilelile ambalo muuguzi alilisema juu ya Kaka Paryono kabla baba hajamfukuza muuguzi huyo uani, lakini kaka hakulala, hakula, alikonda akabaki macho matupu, alivunja sahani akisema ameoza ndani, na mambo hayo yalimwanza kazini kwenye mashamba ya michikichi, si kwa uzazi, sasa mambo yasiyofanana hivi yatakuwaje na jina moja, alimuuliza daktari, akajibiwa, "Dada, ugonjwa huu hauingii kwa kila mtu kupitia mlango mmoja, na ukishaingia haumtendi kila mtu sawa," maneno ya kumpoza, kumbe ndiyo yaliyomkata pumzi, maana jina likiwa moja basi na mwisho ni mmoja, lile gogo la matundu mawili nyuma ya zizi la baba, miguu ya kaka imo hadi leo... na vidonge amevikunja ndani ya vazi lake la sala, hajameza hata kimoja, kila sala anavitoa, anavaa, anasujudu, anamwambia Mungu kwamba yeye ni mzima, Mungu anayejua, astaghfirullah... "Haya, umeuona?" Mama Tukinah akacheka. "Mwekundu kama nyama buchani. Upepo mtupu. Si ya kaka yako hayo, nami nilianza kuogopa," na Sutarmi akashusha pumzi, alhamdulillah, upepo, akataka kucheka naye, ila mgongo wa kaka ukamjia, mama yao akimkwaruza vilevile, ukawa mwekundu vilevile, wakasema upepo umetoka, asubuhi zikavunjika sahani, ndipo wakasema shetani, kumbe sarafu ikikwaruza mgongo wowote utakuwa mwekundu, hata wa Mama Tukinah mwenyewe... na kama yeye anayenyonyesha na kusali hana shetani, ila ana ugonjwa wenye jina na vidonge, basi kaka naye, jina lilelile, ameketi nyuma ya zizi miaka yote kwa ajili ya nini... "Geuka kidogo, bado upande wa kushoto," na sarafu ikashuka tena, moyo ukikimbia palepale, hofu ipo, ila sasa haikuwa ya gogo, ilikuwa ya mdomo wake mwenyewe, naye akalikazia macho vazi la sala pale juu ya kabati, akimaliza huyu nitaomba maji, nitameza vidonge mbele yake, na akiniuliza ni vya nini nitamwambia, mama, ni vya ugonjwa wa Kaka Paryono.