Mshale wa Mwisho Kinamasini

Jannes aliingia kibandani tope limempanda hadi nyusini, akaubwaga mezani mzigo wa mishale ya njano ya kuonyesha njia, kando ya sufuria la supu ya njegere, kama mwindaji anayebwaga paa.

"Msitu mweupe, shangazi, haujabaki mshale hata mmoja. Nipe bakuli, na soseji usinipunje."

Hillie, mgawa supu wa klabu ya baiskeli, hakugusa upawa. Alichungulia ukungu nyuma ya kijana. "Roelof yuko wapi?"

"Baba? Si alipita njia fupi? Saa hizi keshaoga."

"Njia fupi ipi? Huyo hajapita hapa. Jaketi lake lile pale msumarini, na simu inalia humo mfukoni mpaka imechoka. Mama yako huyo anapiga."

Jannes akaligeukia lile jaketi.

Asubuhi walikuwa wamegombana mbele ya umati, baiskeli zimejaa uwanja mzima. Roelof alikuwa amepasuliwa moyo majira ya kiangazi, na hii ndiyo safari yake ya kwanza ya baiskeli tangu atoke hospitali.

"Wewe leo njia fupi," Jannes alimwambia. "Ndefu nimeichora mimi mwaka huu. Huijui."

"Njia siijui, mishale naijua. Umeifunga, hukuifunga?"

"Ukianguka huko utanitia aibu, baba."

"Nianguke kutoka wapi, mwanangu? Mlima wetu wenyewe ni jalala lililofukiwa!"

Watu wakaangua kicheko. Jannes akageuka na hasira zake. Kwa kuwa alikuwa ametamka njia fupi, akaamini ni njia fupi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye siku hiyo alijikwaa vyote viwili.

Maana ndiye aliyekuwa mfagiaji, yule anayekwenda nyuma ya waendeshaji wote, akifungua kila mshale ili msitu ubaki ulivyokutwa. Mfagiaji hupiga kengele kila kona na kuita, "Kuna mtu?" Mwenye pancha hutoka njiani asizuie wenzake, hujiinamia huko vichakani na pampu yake, nawe usipoita humwoni. Jannes hakuita hata mara moja. Hasira ilikuwa imemfumba mdomo. Alikanyaga pedali, akafungua mshale, akakanyaga, akafungua.

"Basi mfuate," Hillie alisema. "Si yuko njiani anakuja?"

"Haji." Jannes alirudi mezani penye mzigo. "Kwetu mtu asipoona mshale habahatishi. Anarudi alikouona wa mwisho. Baba ndiye aliyetufundisha hivyo. Sasa atarudi, asiukute. Atarudi tena nyuma, asiukute."

"Atarudi mpaka wapi?"

Jannes alikuwa keshachomoa mshale mmoja kwenye mzigo na kuusokomeza kifuani. "Piga simu ya dharura, shangazi. Waambie kinamasini, penye ubao wa kuvukia!"

Aliendesha akiifuata njia kinyumenyume. Mwanga wa alasiri ulikuwa unafifia na ukungu umelala juu ya vichaka kama pamba iliyolowa. Kila mti aliokuwa ameuvua mshale sasa ulimtazama mtupu. Kwenye misonobari aliona pamekanyagwa, na mpira mbovu wa tairi umening'inizwa tawini. Hapa ndipo alipompita. Hatua chache tu! Angefungua mdomo wake angejibiwa.

Alama za tairi zilitoka pale zikaenda hadi njia panda, zikazunguka mara mbili, zikarudi. Akazifuata mpaka kinamasini.

Ubao wa kuvukia ulikuwa mwembamba, umevaa barafu. Alama ziliupanda. Katikati, upande wa kushoto, barafu ya maji ilikuwa imevunjika, na tundu lake jeusi lilikuwa bado linatikisika.

"Baba!"

Akashuka, akatambaa juu ya ubao kwa magoti, akaingiza mkono ndani ya tundu mpaka begani. Matope. Mizizi. Matope. Baridi ilimkata pumzi. Akauvuta mkono, akakumbuka neno alilounyima msitu mchana kutwa, akalitoa kwa kifua chote:

"Kuna mtu?"

Ng'ambo, ndani ya ukungu, kengele ya baiskeli ikalia. Hafifu, mara moja.

Roelof alikuwa ameketi chini ya nguzo iliyo mwisho wa ubao, mguu mmoja umelowa hadi nyonga, midomo ya bluu, kiganja kimeshika kifua.

"Mshale wako ulikuwa hapa," alisema polepole. "Niliuona kwa macho yangu haya. Nikarudi, haupo. Nikasema basi, moyo ulitangulia, sasa akili nayo inaondoka."

"Niliufungua mimi, baba. Sikuita."

Mzee aliigonga nguzo kwa kisigino cha mkono. "Ufunge tena."

Jannes akautoa mshale kifuani, akaufunga nguzoni kwa vidole visivyotii. Akavua jaketi lake akamvika baba yake. Ng'ambo ya kinamasi, sauti za watu zilianza kuitana na taa kumulika ukungu.

"Nikubebe."

"Thubutu!" Roelof alisimama kwa kuishikilia nguzo, akausoma mshale kama mtu asomaye jina lake, kisha akaweka mguu kwenye ubao. Jannes akataka kumtangulia ampe mkono.

"Nyuma," mzee alisema. "Mfagiaji hukaa nyuma. Na safari hii uite."