Mandari ya Bi Ghaniya

Ghaniya binti Sleyum alizaliwa Tabora, akaletwa Oman mwaka 1975 akiwa na miaka kumi na tatu, na katika mji wa Ibra alijulikana kwa jambo moja tu: mandari.

Jamaa waliotoka Tabora, Kigoma, Bujumbura na Unguja walikuwa wametapakaa mjini, huyu huku na yule kule, na kila mmoja ana kazi yake. Kilichowakusanya kilikuwa wadi, bonde la miamba lenye madimbwi ya maji. Joto likishavunjika mwezi wa Novemba, mpaka mwisho wa Machi, kila Alhamisi, siku ya mapumziko, walitoka na watoto wao kwenda Wadi Sidra kukaa kivulini, kuoga na kula. Ghaniya ndiye aliyeanzisha, na nyumba tatu na mkeka mmoja. Miaka kumi na mbili baadaye magari yalikuwa yanafika kumi na tano. Alijua mti upi unatoa kivuli baada ya Adhuhuri, mchanga upi unameza magurudumu, dimbwi lipi halimfiki mtoto kifuani. Jumanne alikaa na simu, akaiambia kila nyumba ilete nini. Pilau hakumwachia mtu. Watu walimwita Mama Mandari, naye alijifanya halipendi jina hilo.

Mwaka 1998 mdogo wake, Khalaf, alirudi kutoka Michigan, Marekani, alikopelekwa kusomea uhandisi wa maji. Alirudi na mkewe Shukriya, mtoto wa mji wa Sur ambaye wazee wake walikuwa watu wa Unguja mjini. Walikaa huko miaka sita. Mume alipokuwa darasani, Shukriya alijitolea katika mbuga moja ya jimbo, akiwaongoza watoto wa shule kutembea msituni.

Mandari yake ya kwanza Shukriya aliulizwa habari za huko, naye akaeleza kwa Kiswahili chake cha taratibu, kile cha Kiunguja ambacho Ghaniya alikisikia kama mtu anayetembea na viatu vipya. Mbuga za kule, alisema, si za simba na tembo. Ni misitu na maziwa yaliyotengwa ili watu wapumzike. Unafika getini, unapewa ramani, unaoneshwa kiwanja cha kupiga hema chenye nambari yake, meza ya mbao na mahali pa kuwashia moto. Njia za miguu zimepakwa alama za rangi kwenye miti, hata mtoto hapotei. Ukiondoka unaondoka na taka zako. Na kipupwe kikiingia, ziwa linaganda mpaka watu wanatembea juu yake.

Watu walisahau sahani mikononi. Ghaniya alikuwa anageuza makaa ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. Wanamsikiliza kama vile sisi hatujawahi kuona maji, alijisemea.

Ilianza hivyo, kwa kitu kidogo. Alhamisi iliyofuata Shukriya alileta mifuko mikubwa ya taka, na kabla ya Alasiri watoto walikuwa wameisafisha wadi yote, kazi ambayo Ghaniya aliihimiza miaka mingi bila ya mtu kuinama. Baadaye akawagawia madaftari wachore ndege wanaowaona. Baadaye tena akaomba ruhusa kwa wakubwa wa pale, akapaka rangi ya buluu kwenye mawe ishirini, akayapanga kutoka mahali pa magari mpaka kwenye chemchemi ya juu, mwendo wa saa moja. Wanawake ambao hawakuwahi kuvuka dimbwi la kwanza wakawa wanavaa raba na kupanda. Wakirudi walikuwa wamechoka, wamefurahi, na hawana hamu ya wali. Walikula mikate na kuku aliyechomwa na Shukriya. Ghaniya alirudi nyumbani na nusu sufuria ya pilau.

Mumewe Thani, mtu mpole aliyekuwa karani wa ofisi moja ya serikali, alimwambia pilau lilikuwa zuri kama kawaida. Ghaniya alimjibu kwamba hakumuuliza.

Lakini kilichomchoma hasa kilikuwa Maha. Binti yake huyo wa pekee alikuwa na miaka kumi na tatu, na zamani Alhamisi asubuhi alikaa jikoni akimenya vitunguu saumu na mama yake. Sasa alikuwa hachoki kumtaja mkaza mjomba wake. Anti Shukriya kasema hivi, Anti Shukriya kanionesha vile. Siku moja Ghaniya alijikuta anahesabu. Kati ya Magharibi na Isha jina lilitajwa mara kumi na moja. Usiku huo alilala ameupa ukuta uso.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Machi mwaka 2000. Alimpigia simu Dalal, jirani yake wa tangu Tabora, kumwambia alete kachumbari. Dalal akasema, bila ya ubaya wowote, kwamba ameshaongea na Shukriya, na Shukriya amemwambia alete matunda. Ghaniya akasema hewala. Aliweka simu, akabaki ameitazama.

Jumatano baada ya Alasiri aliendesha gari peke yake mpaka Wadi Sidra. Alijiambia anakwenda kutazama kama maji yamepungua, na hiyo ilikuwa desturi yake kweli. Lakini alipofika hakutazama maji. Alifuata mawe ya buluu mpaka pale wadi inapogawanyika mikono miwili. Njia ya chemchemi inashika mkono wa kulia, na jiwe la nane lilikuwa limekaa hapo, limetulia, kama lina haki ya kukaa. Mkono wa kushoto ulikuwa bonde kavu lisilo na kitu. Alikumbuka kwamba ukilifuata unafika kwenye ukuta wa mwamba, unageuka.

Alilinyanyua lile jiwe kwa mikono miwili, akalihamishia kushoto.

Hakutaka mtu aumie. Alitaka wafike kwenye ule ukuta, wote na madaftari yao, wageuke, wamcheke kidogo. Alitaka Shukriya aone haya mara moja tu, mbele za watu. Aliporudi garini mikono yake ilikuwa na vumbi la buluu, akaiosha na maji ya chupa.

Siku ya pili Shukriya alimpa Maha heshima ya kuongoza. Maha na wenzake wawili, Hiba na Ghalia, walitangulia, na Shukriya akabaki nyuma na watoto wadogo. Kabla ya njia panda mmoja wa wadogo alikanyaga mwiba. Shukriya alikaa kuutoa, na alipoondoka hapo alikuwa amembeba mtoto mgongoni, akaenda kwa mazoea ya miguu yake, mkono wa kulia, bila ya kutafuta alama. Wasichana walikuwa wameshapita zamani. Walikuwa wameliona jiwe.

Shukriya alipofika kwenye chemchemi hakumkuta mtu. Alidhani wamempita nyuma ya miamba, wamerudi. Akashuka. Chini napo hawakuwapo, na adhana ya Adhuhuri ilikuwa inatoka kwenye redio ya gari la mtu. Joto la siku ile lilikuwa la kiangazi kilichokuja mapema.

Wanaume walipanda mbio njia ya kulia, Khalaf mbele. Ghaniya alisimama na upawa mkononi. Alijua walipo. Alijua pia kwamba akisema, ataulizwa amejuaje. Alisimama kiasi cha mtu kumaliza rakaa mbili, na maisha yake yote baadaye hakuweza kuusahau urefu wa kusimama kule. Kisha akatupa upawa, akakimbia na kanzu yake ya nyumbani, huku Thani akimfuata kwa mbali na kumwita.

Kwenye njia panda alikuwa peke yake. Jiwe lilikuwa palepale alipoliweka. Akainama, akalinyanyua, akalitupa nyuma ya kichaka cha miba. Ndipo akaendelea.

Bonde halikuwa lile alilolikumbuka. Mvua kubwa za miaka ya nyuma zilikuwa zimekomba changarawe yote, na mahali palipokuwa pamelala sasa palikuwa na mwamba laini unaoteremka kama ubao wa kuteleza, urefu wa watu wawili. Wasichana walikuwa chini yake. Walijaribu kuteremka kwa makalio, Maha wa kwanza. Akateleza, akauangukia mkono. Wenzake wakamfuata kumsaidia, na hakuna aliyeweza kupanda tena. Walikaa juani karibu saa mbili na chupa moja ya maji. Maha hakuwa analia. Midomo yake ilikuwa imekauka, na kifundo cha mkono kimevimba kama andazi.

Thani alifika, akarudi mbio kufuata kamba ya gari, wakawatoa. Hospitalini walisema mfupa umevunjika, wakautia plasta.

Jioni ile nyumba ya Ghaniya ilijaa watu. Walisema moyo wa mama ndio uliomwonesha njia. Wote walikuwa na neno juu ya Shukriya: vipi amewaachia watoto watangulie, haya mambo ya Kizungu si ya milima yetu. Shukriya alikuwa amekaa karibu na mlango, macho mekundu, akasema kosa ni lake. Maha, na mkono wake kifuani, akakataa.

"Tumefata jiwe," alisema. "Jiwe ilikuwa kushoto, wallah. Hata Hiba ameona."

Lakini Hiba, mbele ya baba yake, alisema hakumbuki. Khalaf alieleza kwamba waliposhuka walipatazama pale, kushoto hakuna jiwe lolote. Hata kulia halikuwapo, akaongeza, labda mbuzi wamelisukuma. Thani, ambaye hofu ya mchana ilikuwa bado haijamtoka, akamkemea binti yake mbele ya watu: kukosea njia si aibu, uongo ndio aibu. Maha alimtazama mama yake. Ghaniya akainuka kwenda kutia kahawa.

Alhamisi iliyofuata mandari ilirudi kuwa yake. Dalal alipiga simu mwenyewe kuuliza alete nini. Shukriya hakuja, wala hakuna aliyepanda juu. Pilau liliisha mpaka ukoko, na watu wakamsifu, na yeye akalitafuna tonge lake la kwanza mpaka likawa kama pamba mdomoni. Maha alikuwa garini, hakutaka kushuka. Tangu siku ile alikuwa anazungumza na baba yake kwa ndiyo na hapana.

Ghaniya alivumilia siku tisa. Siku ya kumi aliingia chumbani kwa Maha, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Jiwe uliliona," alisema. "Nililiweka mimi. Na mimi ndiye niliyeliondoa."

Maha alijiinua, akakaa kitako. Kisha akauliza, "Kwa nini, Mama?"

Ghaniya alikuwa amejitayarishia maneno mengi, lakini likatoka moja. "Kijicho."

Maha hakulijua neno hilo. Ikabidi Ghaniya amtafsirie kwa Kiarabu, aseme hasad, neno ambalo kila mtu wa Ibra analiogopa tangu utotoni. Kulisema mara ya pili kulimuumiza kuliko mara ya kwanza. Maha akavuta shuka, akageukia ukutani.

Kutoka hapo alikwenda kwa Shukriya. Alimsimulia yote, hata kile kisimamo cha upawa mkononi. Shukriya alimsikiliza amesimama, hakumkaribisha kiti, na kwake yeye, mtoto wa watu wenye adabu ya kiti na kahawa, hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Wifi," alisema mwishowe, "mie siku kumi hizi silali. Naona watoto wa watu wamekufa mikononi mwangu. Sikupi radhi wala sikutukani. Ila mtoto ameitwa mwongo mbele ya watu. Kamsafishe mbele ya watu."

Alhamisi ya mwisho ya msimu Ghaniya alimsafisha. Watu walipokuwa wamekaa kwenye mikeka, kabla ya kupakua, alisimama akasema alichofanya, kwa sauti iliyofika hata kwa wanaume upande wa pili. Baba yake Ghalia alikusanya watoto wake, akaondoka. Dalal alitazama chini. Thani alitoka mahali pake, akaenda mpaka kwenye gari alimokaa Maha, akainama dirishani, na kile alichomwambia Ghaniya hakukisikia. Alimwona tu binti yake akifungua mlango na kushuka.

Mandari hazikwisha, ila hazikuwa tena zake. Msimu uliofuata zilipangwa na yeyote aliyetaka, na Ghaniya alikwenda kama watu wengine, na sufuria ndogo. Shukriya alimsamehe kwa ulimi baada ya mwaka mmoja, siku ya Idi, naye Ghaniya alijua kwamba moyo una mwendo wake. Kisha Khalaf akahamishiwa Nizwa. Huko Shukriya akaanza upya na watoto wa shule, akiwapandisha milima ya Dakhiliyah kwa njia zenye alama, na kila likizo Maha alipanda basi kumfuata.

Wivu haukumtoka Ghaniya, kama watu wanavyopenda kuhadithia. Kila Maha alipofunga begi la Nizwa, ulimrudia upya. Alichojifunza ni kumkunjia nguo huku ungalimo moyoni.

Mwaka 2008 Maha alipata kazi Ras al Jinz, kuwapokea wageni wanaokuja kuwatazama kasa. Wazazi wake walimtembelea mchana mmoja. Aliwazungusha, akawaeleza watalii wa Kijerumani jambo fulani kwa sauti ya upole, mkono wake uliowahi kuvunjika ukionesha bahari. Mmoja wa wale wageni akamuuliza kazi hii kajifunza wapi. Maha alisita, akamtupia mama yake jicho.

Ghaniya alimtangulia kujibu, kwa Kiingereza chake kidogo. Alisema, "Mke wa kaka yangu mdogo ndiye aliyemfundisha. Anaitwa Shukriya."

Wivu ulimrudia palepale, kama kawaida. Aliuliza kama pana mahali pa kupata chai.